Kuzamia na Watoto Likizo Hii: Kina Kifupi Hutegemea Saa

Likizo ya Desemba huzileta familia nyingi ufuoni. Baadhi husafiri kutoka Nairobi na Nakuru, lakini nyingi ni za wakazi wa Kaunti ya Kilifi wenyewe: watu wa Ganze, Kaloleni, Rabai na Magarini. Kwao bahari ni safari ya asubuhi moja tu, ila wengi hawajawahi kuweka uso ndani ya maji wakaona kilichomo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, zikiwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Hata hivyo, wako watoto wa kaunti hii wanaomjua kasa kwa picha ya kitabuni pekee.

Hakuna haja ya mtungi wa hewa wala mafunzo marefu ili kuyaona matumbawe. Miwani ya kuzamia, mrija wa kupumulia na maji yanayomfika mtu kiunoni vinatosha. Tena maji ya juu ndiyo yenye rangi nzuri zaidi. Mwanga mwekundu wa jua hupotea ndani ya mita chache za kwanza, na mzamiaji akishuka zaidi huona karibu kila kitu kikiwa cha buluu na kijivu. Anayetazama matumbawe kwenye mita 1 au 2 huyaona yakiwa na rangi zake kamili.

Kwa hiyo familia inayopanga matembezi huuliza, "Ni wapi maji hayana kina?" Swali hilo ni zuri lakini ni nusu tu. Katika pwani hii, mahali pale pale panaweza kumfika mtoto kifuani asubuhi na kumzamisha mama yake adhuhuri. Swali kamili ni hili: "Ni wapi maji hayana kina, na ni kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?" Somo hili linaeleza jinsi ya kulijibu.

Maji ya bamvu na maji mafu

Bahari ya pwani ya Kenya hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban kila siku. Kutoka maji kupwa hadi maji kujaa ni kama saa 6 na robo. Kila siku inayofuata, saa za kupwa na kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hailingani kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Hayo ndiyo maji ya bamvu: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake hapa kwetu inaweza kupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua na wa mwezi hupingana. Hayo ni maji mafu, na tofauti yake ni ndogo, kiasi cha mita 1 hivi. Maji makubwa zaidi ya bamvu huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Mkazi anayefuata kalenda ya Kiislamu tayari ana kipimo mkononi: tarehe za mwanzo wa mwezi na za katikati ya mwezi ni za bamvu.

Jambo moja huwasaidia sana wakazi wa pwani hii. Siku za bamvu, maji hupwa kabisa karibu na saa 4:00 hadi saa 5:00 asubuhi, na tena usiku saa kama hizo. Siku za maji mafu, asubuhi hiyo hiyo maji huwa yamejaa, na kupwa huja alasiri kama saa 10:00. Anayejua mwezi uko wapi anaweza kukisia bahari itakuwaje hata kabla ya kutazama jedwali la maji.

Kukisia hakutoshi, lakini. Jedwali la maji ya Kilindini huchapishwa kila mwaka, na saa zake hazitofautiani sana na za Kilifi, Watamu na Malindi. Wavuvi wa kila bandari ndogo huzijua saa hizo kwa kichwa. Mzazi aulize kabla ya kuondoka nyumbani, asingoje kufika ufuoni.

Hesabu ya sehemu kumi na mbili

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza polepole, yakaenda mbio katikati, kisha yakapunguza mwendo. Mabaharia wana hesabu rahisi ya kukadiria jambo hili. Chukua tofauti yote kati ya kupwa na kujaa, uigawe kwa sehemu 12. Saa ya kwanza maji hupanda sehemu 1, saa ya pili sehemu 2, saa ya tatu sehemu 3, saa ya nne sehemu 3, saa ya tano sehemu 2, na saa ya sita sehemu 1.

Tuseme ni siku ya bamvu yenye tofauti ya mita 3.6. Kila sehemu ni mita 0.3. Tuseme pia maji yamepwa kabisa saa 4:00 asubuhi, na mahali palipochaguliwa pana kina cha mita 0.8. Hesabu itakuwa hivi:

- Saa 4:00: mita 0.8. Maji yanamfika mtoto wa miaka 7 kifuani.
- Saa 5:00: mita 1.1. Yanamfika usoni.
- Saa 6:00: mita 1.7. Yanawazidi kimo watu wazima wengi.
- Saa 7:00: mita 2.6.
- Saa 8:00: mita 3.5.
- Saa 9:00: mita 4.1.
- Saa 10:00: mita 4.4.

Katika saa mbili tu, kidimbwi cha mtoto kimekuwa maji ya kumzamisha mama. Katika saa ya tatu pekee yameongezeka mita 0.9. Hakuna wimbi lililopiga na hakuna dhoruba iliyotokea. Bahari imefanya kazi yake ya kila siku.

Siku ya maji mafu yenye tofauti ya mita 1.2, kila sehemu ni mita 0.1. Saa tatu baada ya kupwa, maji yameongezeka mita 0.6 tu. Ni siku tulivu zaidi, lakini ina kasoro yake: maji hayapwi sana. Kidimbwi kilichokuwa na mita 0.8 siku ya bamvu kinaweza kuwa na karibu mita 2 hata maji yakiwa yamepwa. Siku kama hizo familia yenye watoto wadogo hukaa karibu na nchi kavu zaidi.

Siku ya tatu au ya nne baada ya bamvu kubwa mara nyingi ndiyo nzuri kuliko zote. Maji hupwa karibu na adhuhuri, hayaendi mbio kama ya bamvu, na familia inayotoka mbali ina muda wa kufika.

Kanuni ya kushika ni moja: ingia saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, toka saa moja baada yake. Saa mbili zinawatosha watoto. Zaidi ya hapo wataanza kutetemeka kwa baridi, hata hapa kwetu.

Mwamba ni ukuta wenye milango

Sehemu kubwa ya ufuo wa Kilifi imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani. Kati ya mwamba na nchi kavu kuna maji matulivu yenye mchanga, nyasi za bahari na vichaka vya matumbawe. Maji yakipwa, mgongo wa mwamba hutokeza na kuzuia mawimbi, na maji ya ndani hutulia kama bwawa. Hapo ndipo mahali pa familia.

Maji yakijaa, mawimbi huuruka mwamba na kumimina maji ndani. Maji hayo lazima yatafute njia ya kurudi baharini, nayo hupitia kwenye nafasi zilizo katika mwamba, ambazo wavuvi huziita milango. Mlangoni mkondo huwa na nguvu. Maji yanapokupwa kwa kasi hali ni hiyo hiyo. Mlango hutambulikana kwa macho: ni mahali ambapo mawimbi hayavunjiki wakati kulia na kushoto yanavunjika, na maji yake ni ya buluu iliyokolea. Mgeni huona pametulia akadhani ndipo pazuri. Kumbe ndipo pa kuepukwa.

Mdomo wa mkono wa bahari ni mlango mkubwa zaidi. Kule Watamu, maji yote ya Mida hutoka na kuingia kupitia mdomo mmoja, mara mbili kwa siku kila njia. Mkondo wake humshinda muogeleaji hodari, na mashua hupita hapo hapo. Watoto wasiogelee karibu nao.

Hatari nyingine ni ya wanaotembea kwa miguu. Maji yakipwa, watu huvuka hadi kwenye mwamba kutazama pweza na viti vya pweza. Lakini mara nyingi sehemu iliyo kati ya mwamba na ufuo ina kina kuliko mgongo wa mwamba wenyewe. Maji yakianza kurudi, hujaza nyuma yao kwanza. Waliosimama juu ya mwamba mkavu hugeuka wakakuta njia waliyopitia imekwisha kufunikwa. Maji yakishapwa kabisa na kuanza kugeuka, ni wakati wa kurudi, hata kama mwamba ungali mkavu.

Mahali pa kwenda

*Watamu.* Ndani ya hifadhi kuna bustani za matumbawe zinazofikiwa kwa safari fupi ya mashua, na maji yake ni ya mita chache tu. Ghuba zilizo mbele ya mji, zenye visiwa vidogo vya mawe, huwa na vidimbwi vinavyowafaa wanaoanza wakati maji yamepwa. Samaki hapa wamezoea watu kwa sababu hawavuliwi. Pono wanaoguguna matumbawe husikika hata kwa masikio yaliyo ndani ya maji.

*Malindi.* Mashua za hifadhi huondokea upande wa Casuarina, kusini mwa mji. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini mwa Malindi ukibeba udongo kutoka bara. Wakati wa kaskazi, maji yake mekundu husukumwa upande wa kusini, yaani kuelekea Malindi. Mvua ikiwa imenyesha kwa wingi Novemba, Desemba yake bahari ya Malindi inaweza kuwa na tope huku ya Watamu ikiwa safi. Anayetaka kwenda Malindi aulize kwanza hali ya mto.

*Kuruwitu.* Karibu na Vipingo, wavuvi na wakazi wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao ya kiasi cha hekta 30 mwaka 2005, wakakubaliana kutovua humo baada ya kuona samaki wakipungua. Kazi hiyo ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017 kwa Tuzo ya Equator. Leo ni mahali pazuri pa kumfundisha mtoto mambo mawili kwa pamoja: kuangalia samaki, na jinsi kijiji kinavyoweza kuwarudisha. Familia iende na mwongozaji wa pale.

*Kikambala.* Maji ya ndani ya mwamba ni mapana na mchanga ni mwingi. Si mahali pa kuona matumbawe mengi, lakini panafaa kwa somo la kwanza la kuvaa miwani na kuelea. Maji hupwa mbali sana, hivyo onyo kuhusu wanaotembea hadi mwambani linahusu hapa hasa.

Hifadhi za Malindi na Watamu zinasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, na ada ya kuingia hulipwa kwa njia ya eCitizen. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo watu wazima wabebe vitambulisho.

Likizo tatu, bahari tatu

Likizo ya Aprili huangukia masika. Mito huleta tope na upepo unageuka. Likizo ya Agosti iko katikati ya kusi: nje ya mwamba bahari huchafuka, na majani ya bahari hurundikana ufuoni. Agosti inawezekana kutazama samaki ndani ya mwamba maji yakiwa yamepwa, lakini safari za mashua nje ya mwamba si za watoto. Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo yenye bahari tulivu zaidi, kuanzia matlai hadi kuingia kwa kaskazi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi, na nahodha mwenye busara huufuata.

Mfano: familia ya watu saba

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Familia kutoka Kaloleni inafika Watamu siku mbili baada ya mwezi mpevu. Kuna mama, mjomba, nyanya, na watoto wanne wa miaka 4 hadi 13. Walipanga kufika saa 3:00 asubuhi. Matatu ya kwanza ilichelewa kujaa abiria, ya pili ikapata pancha, wakafika saa 6:00 jua likiwa utosini. Nauli ya watu saba imekwisha kulipwa, na watoto wamekuwa wakiihesabu siku hii tangu shule zifungwe.

Mama anamkuta nahodha mzee kando ya mashua yake.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tunataka kuwapeleka watoto wakaone matumbawe. Leo maji yamepwa saa ngapi?"

"Yalipwa saa nne na nusu. Sasa yanajaa, na haya ni ya bamvu. Mkiingia sasa hivi, nusu saa ijayo huyu mdogo hatapata pa kusimama."

"Tumetoka mbali, baba. Haiwezekani hata kidogo?"

"Kuwapeleka nitawapeleka kwa mashua, kila mtu na jaketi lake la kujiokolea, mkatazame kutoka juu. Kuingia majini, hapana. Au mkilala hapa, kesho muwe hapa saa nne. Maji yatapwa saa tano na robo."

Mjomba anaona ni hasara. Watoto wameshavua viatu. Hapa ndipo somo lote linapojaribiwa, kwa sababu ajali nyingi hazitokani na kutojua. Zinatokana na mtu anayejua lakini ameshalipa nauli. Mama anafanya hesabu ya sehemu 12 kichwani: maji yamepanda kwa saa moja na nusu, na sasa yanaingia katika saa zake za mbio. Anakataa.

Alasiri hiyo watoto wanajifunza kuvaa miwani wakiwa wamekaa kwenye maji ya magotini, mjomba akiwashika mkono, huku wote wakisogea kuelekea nchi kavu kadiri maji yanavyopanda. Usiku wanalala kwa shangazi yao Gede. Siku ya pili wanafika saa nne kasorobo, na mtoto wa miaka 7 anamuona pono kwa macho yake akiwa amesimama kwenye mchanga.

Vifaa na mazoezi

Miwani ijaribiwe kabla ya kukodishwa. Mtoto aiweke usoni bila kufunga mkanda, avute hewa kidogo kwa pua. Ikibaki imeshika, inamtosha. Ikianguka, itaingiza maji, na mtoto aliyeingiwa na maji puani mara ya kwanza hukataa kurudi.

Jaketi la kujiokolea liwe la kimo cha mtoto na lifungwe vifungo vyote. Maboya ya kupuliza ya mikononi na matairi si vifaa vya usalama, kwani upepo huyachukua. Fulana ya mikono mirefu hukinga mgongo na jua kuliko mafuta, na haidhuru matumbawe. Viatu vya raba huzuia miiba ya wale wanyama weusi wa mviringo wanaokaa kwenye mashimo ya mawe.

Mazoezi yaanzie maji ya magotini: kuweka uso ndani, kupumua kwa mrija polepole, kuutoa maji mrija kwa kupuliza kwa nguvu, na kulala chali ukielea. Asiyeweza kuelea chali asiende mahali asipoweza kusimama.

Mtoto akizama hata mita 2 anaweza kuhisi maumivu ya masikio. Abane pua na kupuliza taratibu. Yakiendelea, apande juu. Mwenye mafua asizame siku hiyo. Watoto wakatazwe pia mchezo wa kushindana kukaa chini ya maji, na hasa kupumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama. Tendo hilo huondoa mwilini dalili inayomwambia mtu kwamba anahitaji hewa, naye anaweza kuzimia chini ya maji bila onyo lolote.

Kuzamia kwa mtungi wa hewa ni somo lingine. Katika utaratibu wa PADI, mtoto wa miaka 8 anaweza kuonja mtungi kwenye maji yasiyozidi mita 2, na cheti cha kwanza cha watoto huanzia miaka 10, kwa kina kisichozidi mita 12. Anayetumia mtungi hafungi pumzi kamwe anapopanda, kwa sababu hewa ya mapafuni huongezeka ukubwa maradufu kutoka mita 10 hadi juu. Jamaa anayerudi Nairobi kwa ndege angoje angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ikiwa alizamia mara kadhaa.

Mlinzi mmoja, kazi moja

Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo wake uko majini na hana hewa ya kuita. Kwa hiyo katika kila kundi mtu mzima mmoja awe mlinzi: haogelei, hapiki, hashiki simu. Anahesabu vichwa. Baada ya dakika 20 anampokeza mwingine kwa kusema wazi, "Sasa ni zamu yako." Mtoto wa chini ya miaka 5 awe mahali ambapo mkono wa mtu mzima unamfikia wakati wote.

Mtu akichukuliwa na mkondo asishindane nao. Aelee, ainue mkono, kisha aogelee kwa kukata upande hadi atoke katika mkondo. Anayemwona asirukie majini bila kitu cha kuelea. Mtungi mtupu wa maji uliofungwa kifuniko, ukirushwa pamoja na kamba, umeokoa wengi kuliko ushujaa. Aliyetolewa majini bila kupumua aanze kupewa pumzi mara moja na anayejua huduma ya kwanza, huku mwingine akipiga simu 999 au 112.

Aliyechomwa na mwiba wa samaki mwenye sumu atumbukize mguu kwenye maji ya moto yasiyounguza, kisha apelekwe hospitali. Aliyeguswa na yavuyavu asuuzwe kwa maji ya bahari, asisuguliwe kwa mchanga.

Mkono usiguse

Matumbawe ni wanyama hai. Aina nyingi za matumbawe makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka, hivyo tumbawe lenye ukubwa wa meza limeishi kuliko nyanya. Mguu mmoja unaweza kulivunja. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na yaliyorudi yamerudi kwa shida. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuokota makombe, kuvunja matumbawe au kuvua. Mkate wa kulisha samaki nao ubaki kwenye kikapu. Mtoto anayefundishwa kusimama kwenye mchanga tu, asiguse kitu, hujilinda mwenyewe pia, kwa kuwa karibu kila kinachouma humo huuma kinapoguswa au kukanyagwa.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Leo ni mwezi wa ngapi wa kalenda ya mwandamo? Je, maji ni ya bamvu au mafu?
2. Maji yakipwa saa 6:00 mchana, familia iingie saa ngapi na itoke saa ngapi?
3. Mahali pana mita 0.6 maji yakiwa yamepwa, na tofauti ya siku hiyo ni mita 2.4. Patakuwa na kina gani baada ya saa tatu?
4. Nani atakuwa mlinzi wa kwanza, na nani atampokea?

Jibu la swali la pili ni saa 5:00 hadi saa 7:00. La tatu: kila sehemu ni mita 0.2, na katika saa tatu maji hupanda sehemu 6, yaani mita 1.2. Kina kitakuwa mita 1.8. Swali la nne lijibiwe kabla ya kupanda matatu.